Makabidhiano ya Chumba cha Usemi

Jumanne asubuhi Dorkasi alifungua dirisha la chumba cha tiba ya usemi, akafuta vumbi kwenye kioo cha mezani, akapanga mshumaa, kiberiti na unyoya wa kuku. Kisha akamwamkia Mwalimu Ludovick, ambaye alikuwa amekwisha kufika na kukaa kwenye kiti chake karibu na kabati. Mwalimu akaitikia marahaba, akauliza kama wagonjwa ni wengi. Walikuwa wengi. Mwalimu Ludovick alifariki mwaka uliotangulia kwa malaria iliyopanda kichwani, akazikwa hapo hapo Dodoma akiwa na suti ya kaunda ya kijivu, na kazini alikuja na suti hiyo hiyo.

Hakurudi kwa ubaya. Aliajiriwa enzi za ujamaa, na watumishi wa enzi hizo walikuwa na mwiko wao: huondoki kituoni kabla hujakabidhi ofisi. Mnahesabu viti pamoja na anayekupokea, unampa funguo, mnatia saini wote wawili, ndipo unafunga virago. Sasa yeye mauti yalimkuta hajakabidhi, na hata angetaka, angemkabidhi nani? Mwenye shahada ya uzamili ya tiba ya usemi hospitalini pale alikuwa yeye peke yake, na wa karibu zaidi walikuwa wa kupandiwa ndege. Basi akawa anakuja kila Jumanne, siku ya kliniki. Wagonjwa kutoka Mvumi na Msalato walimpa pole ya msiba, naye alipokea.

Wa kukabidhiwa, akishapata uzamili huo, alikuwa Dorkasi, mwalimu wa sekondari aliyeazimwa na hospitali kuwasaidia watoto wenye kigugumizi, halafu kazi ikamnasa, asitake tena kurudi darasani. Kulikuwa na chuo huko Ulaya kilichokuwa tayari kumsomesha uzamili bure, lakini masharti yake, mama yangu! Kilitaka shahada ya kwanza; anayo. Kilitaka fonetiki na saikolojia, alizisoma chuo kikuu, Mlimani. Kilitaka anatomia ya koo, ulimi na masikio. Aliisoma kwa posta, akikariri majina ya misuli huku anasonga ugali. Kilitaka mtihani wa Kiingereza; alifaulu. Lililobaki ndilo lililowashinda wengi kabla yake: mamia ya saa za kuhudumia wagonjwa chini ya jicho la mtaalamu mwenye uzamili wa fani hiyo hiyo. Yaani ili ukasomee, usimamiwe kwanza na aliyesomea, na aliyesomea yuko makaburini. Bahati nzuri, Jumanne hakuwa makaburini.

Alikuwa msimamizi mkali. Kumfundisha mgonjwa kupuliza mshumaa hakuweza, kwa kuwa hakuwa na pumzi, wala kioo hakikupata ukungu alipokisogelea. Kwa hiyo kila kitu alikifanya Dorkasi kwa mikono na mdomo wake, na Mwalimu akakaa pembeni akimkosoa. Usimmalizie mgonjwa neno, alimwambia. Subiri. Huyu hakukosa akili, amekosa njia.

Mzee Matonya, mfugaji wa Mvumi, kiharusi kilikuwa kimembakizia neno moja tu, "jana". Ukimuuliza jina lake, jana. Ukimuuliza ng'ombe wake wanakunywa wapi, jana, na machozi yanamtoka. Dorkasi alihangaika naye tangu mtama ukiwa magotini hadi ukavunwa. Siku moja mzee akamgeukia mkewe aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasema, "Hilda." Mama wa watu akajifunika khanga usoni. Dorkasi alisikia furaha ambayo hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Mwalimu Ludovick alisema ulimi wa mgonjwa ulichelewa kidogo kwenye herufi ya tatu.

Saa zikatimia. Chuo kiliuliza kama msimamizi yu hai, hospitali ikajibu kwa uaminifu kwamba hapana. Chuo kikasema kanuni zao hazigusi jambo hilo. Wao wanataka kujua shahada yake tu. Ilitoka Chekoslovakia, nchi ambayo nayo ilikuwa imekwisha kufa, lakini alama zilikuwa nzuri, wakaipokea. Ikabaki kitu kimoja, ruhusa ya mwajiri, yaani ofisi ya mafunzo ya mjini ikubali kwamba akirudi ana nafasi ya kushika.

Miaka hiyo nafasi zilikuwa adimu. Serikali ilikuwa inapunguza watu, mashirika yanauzwa, na waliomwaga unga walikuwa wanauza mitumba barabarani. Ofisi haikuamini maneno ya hospitali, ikamtuma Bwana Abbasi akakague mwenyewe.

Alipokelewa vizuri. Chumba kilipigwa deki, soda zikanunuliwa, mgeni akapewa kiti chenye mto. Akampa mkono Mwalimu Ludovick, akasema chumba kina ubaridi mzuri. Akatazama Dorkasi akifanya kazi, akatazama Mwalimu akimsahihisha, akaridhika. Mwisho akauliza lile swali ambalo wageni wa makao makuu huuliza wakiwa wameshika funguo za gari.

"Mna tatizo lolote hapa?"

Mwalimu Ludovick akasimama, akafunga kifungo cha juu cha suti yake. Maisha yake yote ya utumishi aliulizwa swali hilo, na jibu lake lilikuwa moja.

"Hatuna tatizo, mheshimiwa. Kazi inaendelea vizuri."

Dorkasi alikuwa na la kusema, tena lilikuwa limemfika kooni. Lakini humpingi mkubwa wako mbele ya mgeni. Alisema tu, "Karibu tena."

Majibu yalikuja upesi kuliko ilivyo kawaida ya ofisi ile. Ombi la masomo limekataliwa. Nafasi ya mtaalamu wa tiba ya usemi inaye mwenyewe, mwenye sifa zote, mchapakazi, asiyedai mshahara, nyumba, likizo wala matibabu. Hakukuwa na sababu ya kusomesha mwingine. Kwenye semina ya kubana matumizi Mwalimu alitajwa kama mfano wa kuigwa. Wafanyakazi hewa walipokea mshahara bila kuonekana. Yeye alionekana bila kupokea.

Dorkasi alilia kwa hasira, hakujificha. Akamuuliza Mwalimu kwa nini hakumwambia yule bwana kwamba amekufa.

"Hakuniuliza hilo, binti yangu. Aliuliza kama tuna tatizo."

Kesho yake akaenda mjini kumwona Bwana Abbasi. Bwana Abbasi alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba masharti ya chuo ameyatimiza yote na kwamba inasikitisha. Dorkasi akauliza nafasi ile itakuwa wazi lini. Bwana Abbasi akafungua kitabu cha kanuni za utumishi, akatafuta ukurasa kwa kidole, akasoma: mtumishi akistaafu, akiacha kazi, au akifariki.

"Lakini ameshafariki," Dorkasi alisema.

"Hiyo ilikuwa kabla ya ukaguzi," alisema Bwana Abbasi, kwa upole kabisa. "Sisi tumemkuta kazini."

Akaongeza kwamba, kwa kuwa utendaji wake umeonekana, kuanzia mwezi ujao Mwalimu aripoti siku zote za kazi, siyo Jumanne tu. Dorkasi atabaki kuwa msaidizi wake.

Jumanne iliyofuata, Dorkasi alimweleza Mwalimu yote, bila kupunguza. Mwalimu Ludovick alisikiliza huku akitazama mikono yake. Alikuwa amekwisha kuandaa orodha ya viti. Akasema amechoka, na ilikuwa mara ya kwanza Dorkasi kumsikia akisema hivyo, hai au maiti. Dorkasi akamwambia naye amechoka. Nje kwenye benchi watu walikuwa wamekwisha kujaa.

"Haya," alisema Mwalimu. "Mwite anayefuata."

Dorkasi akaenda mlangoni akamwita.