Mukai na Mbavu za Agosti

Novemba mwaka wa 1999, Mukai binti Nzuki alitoka Kinanie, alikokuwa akishona mifuko kwenye kiwanda kidogo, akarudi kwao Mwala na habari moja tu: uchumba umekwisha.

Alikuwa mchumba wa Henry kwa miaka miwili. Pete alikuwa nayo, picha walipiga, na kina mama wa kanisa walimwita "mchumba wetu" utadhani wamemchumbia kikundi kizima. Kwake yeye, mchumba ni mtu aliyekubali lakini bado ana mlango wa nyuma. Na mlango huo alianza kuutafuta siku alipomwona Henry akimchapa punda wa mkokoteni wa maji mpaka damu ikachuruzika, halafu akacheka. Punda kosa lake kuchoka. Mukai naye huchoka.

"Baba, ninarudisha pete ya Henry."

Nzuki alikuwa anakunywa chai. Chai ikapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka macho yakatoa machozi.

"Pete rudisha, hiyo ni ya dukani. Lakini wewe si mchumba, Mukai. Wewe ni bibi ya Henry tangu Agosti."

Mukai akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake. Hata nyanya yake, Susu Syombua, mamake Nzuki, ambaye huchekea hadi matangani, alikuwa amefunga mdomo.

"Bibi kivipi? Harusi iko wapi?"

"Wale wageni wa kwa kina Henry uliowakuta hapa Agosti," Susu akamwuliza, "walileta nini?"

"Mbuzi watatu. Baba alisema wamekuja kutusalimia."

"Salamu zenye pembe!" Susu akaguna. "Hiyo ndiyo ntheo, mjukuu wangu. Mbuzi wakishapokelewa, mmoja akachinjwa, watu wao na watu wetu wakala pamoja, hakuna mchumba tena hapo. Kuna bibi ya mtu. Na wewe ulikula. Mbavu nzima! Ukaomba na chumvi."

Mukai akakaa chini pale pale, kwenye mchanga. Alikuwa amefika fomu foo, anajua mito ya Ulaya kwa majina, na alikuwa ameolewa miezi mitatu bila habari.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mkamba gani hajui?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

Hapo Mukai akashtuka kuliko mwanzo. Kumbe mzee hakusahau. Alinyamaza kwa kujua. Hata yeye Nzuki alilisikia jibu lake mwenyewe, akaangalia kikombe.

Susu akadakia. "Iko mbuzi ya kukataa. Ikirudishwa na baba wa msichana, ikapokelewa kule, mambo yameisha."

"Mimi?" Nzuki akaruka. "Nivute mbuzi mchana, watu waseme nimeshindwa na mtoto wa kike?"

"Usipoenda, Henry atakuja kunichukua," Mukai akasema. "Na siku atakayonichapa kama nilivyomwona akimchapa punda wa maji mpaka damu, utaletewa habari hapa ukinywa chai."

"Usipoenda wewe, naenda mimi," Susu akaongeza. "Nitapita sokoni katikati nikipiga vigelegele. Nikiulizwa, nitaeleza yote, na ile minofu ya Agosti uliyoficha kwenye sufuria nitaitaja."

Nzuki alikuwa na miaka hamsini na minne, lakini mama ni mama. Akachukua kamba.

Yeye na Mukai walipofika kwa kina Henry, walimkuta Nzisa, mamake Henry, mjane, akipepeta ndengu uani. Alimtazama mbuzi, akamtazama Nzuki, kisha Mukai. Ungo ukamtoka mkononi, ndengu zikamwagika zote.

Henry akatoka nyumbani mbio. "Mzee, rudi na huyo mbuzi! Huyo ni bibi yangu! Mama, usimguse!"

Nzisa alikuwa ameshaishika kamba. Mkono wa shati ulipopanda, Mukai akaona alama nyeusi juu ya kiwiko, vidole vinne na gumba.

"Nyumba hii ni yangu, na mbuzi nimempokea," Nzisa akasema, bila kumwangalia mwanawe. Nzuki aliona alama zile pia, na kofia ikamtoka kichwani yenyewe, akawa ameishika kifuani kama mtu aliye kanisani.

"Nenda, mama," Nzisa akamwambia Mukai. "Nenda haraka."

Mukai hakwenda. "Nikuache hapa na nani?" akauliza. "Chukua leso yako, twende."