Siku Moja Ndani ya Nyumba ya Chokaa

Katika ramani ile ya nyumba mpya kila kitu kilikuwa na mahali pake. Cherehani ilikuwa na chumba chake, chenye dirisha pana upande wa jua la asubuhi. Pipa la maji lilikuwa na kona. Magoti ya Dada Mkubwa, ambayo yaligoma siku nyingi kwenda mwendo mrefu, yalipewa chumba hatua nne tu kutoka chooni. Hata pasi ya mkaa ilichorewa rafu, na pembeni pameandikwa: pasi. Masafa akaigeuza karatasi kichwa chini miguu juu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akajitafuta mara ya tatu. Hakujiona.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Msanifu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wa Masafa, kalamu moja mkononi na nyingine kaichomeka nyweleni na kuisahau. Akaweka kidole kwenye chumba kikubwa. "Hapa, mzee. Kitandani. Upande wa kulia."

"Hapo nimelala. Nikiamka?"

Binti akamtazama mama mwenye kiwanja, mkewe Masafa. Mama mwenye kiwanja akatazama uzi ulioning'inia kwenye sketi yake, akaung'oa. Dada yake, yule Dada Mkubwa wa magoti, ambaye hajawahi kuona kimya asitamani kukijaza, ndiye aliyejibu.

"Ukiamka si utatoka, shemeji? Wewe ni mtu wa kutoka."

Na kweli alikuwa mtu wa kutoka. Jina la Masafa hakupewa bure. Miaka thelathini na moja aliendesha lori, na nyumbani alikuwa akifika vilevile anavyofika bohari: anashusha, anakula, analala, anapakia, huyo. Watoto wanne walizaliwa, wakaota meno, wakafuzu shule, wakaoa na kuolewa, yeye akiletewa habari kwa simu yuko kwenye foleni ya mpakani. Kisha mgongo ukakataa. Miezi minane sasa yuko ndani, katika vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mke, shemeji, cherehani na marobota ya vitambaa, na hapo ndipo mkewe alipokata shauri: kiwanja chake, alichokinunua kwa sindano na uzi, kijengwe sasa hivi kabla hajamkanyaga mtu.

Msanifu naye alikuwa na utaratibu wake. Hakuuliza unataka vyumba vingapi. Alimpa kila mmoja daftari, aandike wiki nzima anakaa wapi, saa ngapi, anafanya nini. Masafa aliandika kwa njia pekee aliyoijua. "Saa 12:10 kuondoka kitandani. Hali ya barabara: ndoo mbili, kiatu kimoja. Saa 12:14 kuwasili mlangoni. Hakuna tukio." Wiki nzima hivyo hivyo. Msanifu alisoma, akasema hati ni nzuri.

Daftari la mke ndilo lililojenga nyumba. "Saa nne, nimetoka kwenye cherehani kwenda jikoni, nimemzunguka mume. Saa nne na dakika tano, nimerudi, nimemzunguka mume. Saa nne na robo, maharage yanaungua, nimemzunguka mume nikikimbia." Kwa wiki moja alimzunguka mara mia moja na kumi na mbili.

"Kwa hiyo hapa kati nimeondoa kikwazo," msanifu akaeleza, akichora kwa kidole njia iliyonyooka kama rula kutoka chumba cha kushonea hadi jikoni. Kisha akakumbuka anaongea na nani. "Yaani, mzee... nimenyoosha njia."

"Nataka chumba changu," akasema Masafa.

"Cha kufanya nini?" mkewe akauliza.

Masafa akafikiri. "Cha kukaa."

"Kukaa! Baba watoto, umekaa miaka thelathini na moja. Kitini, tena chenye springi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama."

Masafa akamrudishia msanifu ramani. Lakini jambo moja hakulisema. Tajiri wake wa zamani, mwenye malori, alikuwa amempigia simu. Ana yadi siku mbili kutoka pale, anataka mzee mmoja wa kuwafundisha madereva wapya adabu ya barabara. Chumba kipo, kitanda kipo, kiti kipo. Anataka jibu Jumamosi. Masafa alijiambia: nikiwemo kwenye ramani, nabaki. Nisipokuwemo, ya nini kumzibia mtu njia nyumbani kwake?

Ramani ilikuwa iende ofisi ya vibali Jumatatu. Kabla ya hapo palikuwa na utaratibu wa mwisho wa msanifu. "Jumamosi tunaichora nyumba chini, kiwanjani, kwa chokaa, saizi yake halisi. Mnaishi humo kutwa nzima. Penye kasoro tutapaona."

"Tuishi kwenye chokaa?" Dada Mkubwa akashangaa.

"Kutwa tu, mama."

"Na chooni?"

"Chooni mtakwenda kwa jirani. Ila piteni kwanza kwenye choo chenu, mpime hatua."

Jumamosi asubuhi vigingi vikapigwa, kamba zikavutwa, chokaa ikamwagwa. Nyumba ikalala pale chini, nyeupe, wazi kwa mbingu. Mkokoteni ukaleta cherehani, jiko la mkaa, meza, viti, na kitanda cha Dada Mkubwa, ambaye alipanda juu yake mara moja, akasema chumba kina hewa. Mke wa Masafa akatangaza sheria mbele ya wote: kuta ni kuta. Anayetaka kupita atafute mlango. Anayetaka kuchungulia atafute dirisha.

Masafa alikuwa na lake. Chokaa iliyobaki kwenye ndoo aliibeba kimyakimya hadi nyuma, kule baada ya stoo, akajichorea chumba. Mita tatu kwa tatu. Mlango mpana wa kutosha lori. Akaingiza kiti, akakaa, akakunja mikono.

Msanifu akaja na rula yake. "Mzee, hiki hakimo."

"Sasa kimo."

Mkewe akachungulia kwa dirisha la jikoni, yaani akainama kidogo mahali palipokuwa na pengo kwenye mstari. Wote walimtarajia alipuke. "Mwacheni," akasema. "Si anataka chumba? Mpe, binti. Ongeza kwenye ramani."

Basi akashinda. Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Masafa akanyoosha miguu pande zote, haikugusa kitu. Akautazama ukuta wake wa kushoto, akautazama wa kulia. Saa tatu na dakika tano alikuwa amemaliza kuzitazama.

Kutoka jikoni kikapasuka kicheko. Dada Mkubwa alikuwa ametoka kitandani, anamenya vitunguu, anasimulia jambo, na mkewe amejishika mbavu. Masafa alisikia maneno mawili matatu: mtoto wa pili, mwalimu, bata. Habari ya bata na mwalimu hakuwa nayo hata kidogo.

"Mnacheka nini?" akaita.

Mkewe akakoroga chungu.

"Nasema, bata gani huyo?"

Mkewe akamgeukia dada yake. "Umesikia kitu?"

"Sijasikia. Kuna tofali la inchi sita pale."

"Na plasta," akaongeza mkewe. "Pande zote mbili."

Wakaendelea na bata wao, safari hii kwa kunong'ona. Mpita njia mmoja mwenye baiskeli akasimama barabarani, akamwona mzee amekaa peke yake kwenye udongo na wanawake wawili hatua kumi kutoka kwake wanajifanya hawamwoni. Akamwuliza msanifu kwa sauti ya chini kama kuna msiba.

Masafa alivumilia hadi saa nne. Akasimama, akanyanyua kiti chake, akatoka kwa mlango wake wa lori. Akaizunguka nyumba nzima kwa nje, akaingia kwa mlango wa mbele, akafuta miguu, akakatiza sebuleni, akafika pale korido ya jikoni inapokutana na mlango wa chumba cha kushonea. Akaweka kiti. Akakaa.

Haikupita dakika. Mkewe akatoka kwenye cherehani, akamfikia, akapinda, akapita. Akarudi, akapinda, akapita.

"Umeona, binti?" akamwambia msanifu. "Ndiyo hii. Nyumba bado ni vumbi, tayari ameshaziba."

"Naona, mama," akasema msanifu. Aliketi juu ya ndoo, daftari magotini, anaandika.

Mkewe akapita tena. "Shika hii," akamtupia pindo la shuka, akalivuta upande wa pili, akakata, akaondoka. Akapita tena: "Hicho chungu kinasemaje?" Masafa akatega sikio. "Kinakaribia kukauka." Akapita tena: "Huyu mteja wa gauni la zambarau ananiambia mikono mifupi, wakati alisema mirefu. Sasa mimi nifanyeje?" Masafa akasema huyo anajua alichosema, mshonee mirefu, akibisha akunje. "Hata mimi naona hivyo," akasema mkewe, akapinda, akapita. Akapita tena, akasimama nusu dakika, akamaliza habari ya bata, haraka haraka, kama mtu anayelipa asichodaiwa. Masafa akacheka hadi mgongo ukamkumbusha.

Lakini saa sita, akiwa na sufuria ya moto mikononi, mkewe alimkwaa mguu. Mchuzi nusu ukamwagika juu ya mpaka wa sebule.

"Ondoka!" akafoka. "Ondoka njiani! Una chumba chako kule, ulikililia, nimekupa, kaa humo! Miguu mirefu kama boriti, mtu hana pa kukanyaga kwenye nyumba yake mwenyewe!"

"Mdogo wangu..." akasema Dada Mkubwa.

"Mdogo wako nini? Nimeungua mimi au wewe?"

Masafa akanyanyua kiti. Hakwenda kwenye chumba chake. Alitoka nje kabisa, hadi kwenye lundo la mchanga kando ya barabara, akakiegemeza kiti hapo, akatoa simu. Akabonyeza namba ya tajiri mara mbili akikosea. Ya tatu ikaita.

Huku ikiita akawa anaitazama nyumba. Ilikuwa nyumba nzuri, alikubali. Njia ile ya katikati ilinyooka, safi, haina kitu. Mkewe alikuwa akitoka kwenye chumba cha kushonea, gauni la zambarau limemjaa kifuani hata haoni mbele, anakwenda jikoni kuwasha pasi. Akafika mahali pale. Akapinda. Akapita. Akanyooka tena.

Masafa akaishusha simu kidogo kutoka sikioni.

Mkewe akarudi, bila gauni sasa, macho yake yanaona vizuri. Akafika mahali pale pale. Akapinda.

"Wewe," akasema Dada Mkubwa toka jikoni, kisu hewani. "Unapinda nini? Hapo hakuna mtu."

Mkewe akasimama. Akatazama chini. Palikuwa na alama nne za miguu ya kiti kwenye vumbi, na pembeni yake nyayo zake mwenyewe zimechimba kijia cha nusu duara. Msanifu aliyekuwa juu ya ndoo akainua kichwa. Mke wa Masafa akajaribu kupita katikati, moja kwa moja, kwa makusudi. Akaweka mguu mmoja. Akautoa.

"Sipendi," akasema. "Pana baridi."

"Saa sita hii ya jua?" dada yake akauliza.

"Nimesema sipendi!"

Simuni sauti nzito ilikuwa inaita haloo, haloo, ni mzee Masafa? Masafa akairudisha sikioni. "Ni mimi, tajiri. Samahani. Kuna mtu nimemwachia njia wazi, hawezi kupita. Tafuta mzee mwingine." Akakata, akabeba kiti, akaondoka mbiombio jinsi mgongo ulivyomruhusu, moja kwa moja, akapitiliza mstari wa sebule.

"Ukuta!" wanawake watatu wakapiga kelele kwa pamoja.

"Nimeshapita."

"Rudi!" mkewe akaamuru. "Hatuanzi maisha kwa kubomoa. Rudi, uingie kwa mlango."

Akarudi. Akaingia kwa mlango. Alipofika, mkewe alikuwa anamsubiri pale kwenye alama nne, futi ya kupimia nguo shingoni, uso umekunjwa kama wa mtu anayetaka kugombana lakini hajapata pa kuanzia.

"Kaa."

Akakaa.

"Si hivyo. Kaa unavyokaa kila siku, na mimiguu yako yote nje."

Akanyoosha miguu. Mkewe akapiga magoti, akavuta futi kutoka kisigino hadi mgongo wa kiti. Akapima mabega. Akapima kiwiko hadi kiwiko.

"Usinyonye tumbo."

"Sijanyonya."

"Umenyonya. Pumua. Binti, andika: mita moja na thelathini kwenda mbele. Upana, sabini na nane."

"Andika themanini," akasema Masafa.

"Nani fundi hapa? Andika tisini, ataongezeka. Mimi huwa naacha kitambaa cha kukunja." Akajifunga kanga vizuri, akasimama kwa kumshika bega. "Ukuta wa korido usukume nje kiasi hicho. Hapo pawe pake. Mlango hakuna, atatamani kuufunga. Dirisha weka, la kule barabarani, malori yanapita."

Msanifu akachora haraka, kisha kalamu ikasita. "Ofisi ya vibali watauliza jina, mama. Kila sehemu lazima iwe na jina. Niandike nini? Kibaraza cha ndani? Sehemu ya kupumzikia?"

"Kupumzika!" akasema mkewe. "Nani kasema atapumzika? Pasi iko wapi? Baba watoto, pulizia mkaa huo, gauni la watu linatakiwa saa nane."

Masafa akainama kuipokea pasi, akaanza kupuliza, majivu yakamrukia kwenye miwani.

"Na kile chumba cha nyuma, shemeji?" akauliza Dada Mkubwa. "Kile chenye mlango wa lori?"

"Futa," akasema Masafa.

"Usifute," akasema mkewe, ameshapinda, ameshapita. "Marobota yangu nitayaweka wapi?"