Kuvertire ya Jumatano

Tshiela hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na alipenda watu walijue hilo. Kwa hiyo Jumatatu ile ya mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na saba, karani Séraphin alipomaliza kuandika kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya kambi, Tshiela hakutazama ubao. Alimtazama Séraphin. Alimwona akipangusa mikono haraka haraka, akaingia ndani na kufunga mlango. Mtu mwenye moyo safi anafunga mlango wa nini asubuhi yote ile? Baridi ilikuwa inakata masikio, lakini hilo Tshiela hakulitia maanani.

Ubao wenyewe ulikuwa wa hali ya hewa. Kila Jumatatu na Alhamisi habari zilitoka uwanja wa ndege, na Séraphin aliziandika kwa Kifaransa kwa ajili ya Wazungu wa mgodi wa Mutoshi. Watu wa Kapata, kambi ya wafanyakazi, waliupita kama hawauoni. Lakini wiki hiyo lilikuwepo neno ambalo kila mtu alilijua. Ngeleka, mume wa Tshiela, ambaye alisoma miaka miwili kwa mapadri na hakuchoka kuwakumbusha wenzake jambo hilo, alilisoma kwa sauti: "Mercredi, couverture grise, générale."

Sasa, kwa Kapata nzima, hata kwa bibi asiyejua salamu ya Kifaransa, kuvertire ni kitu kimoja tu: blanketi. Kampuni ilikuwa ikigawa mablanketi kila majira ya baridi, na mwaka huo ilikuwa haijagawa hata moja.

"Mercredi ni siku ya tatu, Jumatano," Ngeleka akafafanua kifua mbele. "Grise, ni ya rangi ya majivu. Générale, ni ya bantu bote."

Habari kwamba watu wote watapata blanketi ilizunguka nyumba zote kabla bukari, ugali wa mchana, haijaiva. Aliyefurahi kuliko wote ni Tshiela, kwa kuwa mwanawe Mwamba, kitoto cha miezi miwili, alikuwa anakohoa. Blanketi la nyumbani lilikuwa limechakaa hadi linapitisha mwanga. Jioni aliwasha mbabula, jiko la makaa, akaisogeza karibu na kitanda, halafu akaogopa moshi wa makaa usimuue mtoto, akaitoa nje. Jumapili mtoto angebatizwa, na parrain, baba wa ubatizo, aliyechaguliwa kumshika alikuwa huyo huyo Séraphin, rafiki wa Ngeleka tangu walipotoka Kasai.

Jumanne furaha ikaingia doa. Tshiela akienda bombani alimwona Fidélie, mke wa Séraphin, ameanika kitu nyuma ya nyumba. Kizito, cha sufu, rangi ya majivu. Fidélie alipogundua anatazamwa, alikivuta kambani na kuingia nacho ndani bila hata salamu.

Tshiela alisimama na ndoo yake. Kumbe kuvertire zimekwisha kufika! Siku zote mzigo wa wanyonge lazima upite kwanza nyumbani kwa karani?

Jumatano kulipambazuka mawingu mazito ya chini, hata vilima vya udongo wa mgodini havikuonekana. Hakuna aliyejali mawingu. Wanawake walipanga foleni mbele ya ghala, wakangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Séraphin alipotoka kazini, Tshiela alimzibia njia.

"Tata Séraphin, kuvertire yetu iko wapi?"

"Kuvertire gani, mama?"

"Ile weye mwenyewe uliandika. Ya majivu, ya bantu bote. Ao bantu bote ni Fidélie peke yake?"

Séraphin alitazama foleni, akatazama ubao, akaelewa. Kosa lake ni kwamba alicheka.

"Mama, njo ile!" akaonyesha juu. "Ni mawingu! Ile ya juu kabisa, nyembamba kama manyoya ya kuku, inaitwa cirrus. Ile inajikusanya kama pamba, ni cumulus. Na hii ya chini, inatandika mbingu yote, ni stratus. Wazungu banasema ni couverture."

"Tunalia kuvertire, weye unatupa mawingu!" Tshiela akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Mwizi hatashika mutoto wangu. Dimanche tutatafuta parrain mwengine."

Kicheko kilimkauka Séraphin. Alipita katikati ya matusi. Kelele zilimfikia Mzungu mkuu wa kambi, naye hakuuliza sana. Aliamuru ubao ung'olewe.

Ajabu, usiku ule haukuwa na baridi kali, na Mwamba alilala. Tshiela alimshukuru Mungu peke yake.

Alhamisi mawingu yalitoweka. Anga lilikuwa safi, jua zuri, na wanawake walianika nguo wakiimba. Ubao wa kuwaambia vingine haukuwepo. Jua lilipokaribia kuzama, Séraphin alisimama mlangoni kwa Tshiela na bunda kwapani.

"Mama, mbingu imefunuka," alisema, bila kuingia. "Jana mawingu ilishika joto ya udongo. Leo joto yote itapanda juu, umande utaganda mu majani. Kama ubao ingekuwa, ningeandika."

Tshiela alilipokea bunda kwa vidole viwili. Sufu, rangi ya majivu. Amebanwa, akawaza, sasa anarudisha. Alilikunjua dirishani akitafuta mhuri wa kampuni, akalinusa apate harufu ya dawa ya ghala. Lilinuka moshi na samaki. Katikati lilikuwa na kiraka, pembeni kiraka, na kiraka kingine juu ya kiraka, kwa nyuzi za kila rangi. Akamkumbuka Fidélie pale kambani. Hakuwa anaficha mali. Alikuwa anaficha viraka.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na benyewe mutalala na nini?"

"Tuko na makoti," Séraphin alijibu. Tshiela alijua kwamba nyumba ile ina koti moja tu, nalo ndilo alilolivaa.

Séraphin aligeuka aende zake. Tshiela alimshika mkono, akamtoa Mwamba mgongoni, akamweka mikononi mwake.

"Mushike, parrain. Mi naenda kuita Fidélie. Mutalala humu, kuvertire ni générale."