Adui wa Kumtambulisha Baba

Darla Stroud alijua amekosea pale baba yake alipoona ni nani anayepanda jukwaani, akaweka uma chini.

"Nani kamwalika yule?"

Darla akajifanya hakusikia. Kila mwanamieleka anayeingizwa katika Jumba la Magwiji hutambulishwa na mtu, na mtu huyo huchaguliwa na familia. Baba alikuwa amekataa kutaja jina. Ndipo Darla akampigia simu Cotton Rainey, aliyepigana na baba yake, yule mwovu aliyejiita Jaji ulingoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, mji mzima wa Chattanooga ukitazama. Alidhani uadui ule ulikuwa wa ulingoni tu.

"Baba, si mlikuwa mnaigiza?"

"Hilo ni swali la mtu aliyelipa kiingilio, si la mtu wa nyumbani," mzee Delmer alijibu, macho hayabanduki jukwaani.

Cotton, mvi tupu ndani ya suti nyeupe, akashika maikrofoni. "Mnamwona Jaji Stroud pale? Anavyotafuna nyama, utadhani ana haki ya kula! Mguu ule anaouburuta, niliuvunja mimi. Na leo nikiupata, nauvunja tena!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wazima wenye tai zao walizomea huku wakicheka na kufuta machozi. Darla hakujua acheke au amshike baba mkono watoroke. Mguu ule aliukumbuka. Aliukumbuka ukiwa ndani ya plasta, juu ya mto, na mama akitembea kwa kunyata. Cotton hakukanyaga hospitali hata siku moja.

Baba akainuka.

"Keti, baba. Tafadhali. Twende zetu nyumbani."

"Nishikie koti."

Alipanda ngazi polepole, mkono kwenye reli. Heshima hii aliingoja mpaka akaacha kuitaja, na sasa Darla aliona ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Kofi lilisikika hadi viti vya nyuma. Cotton akaangukia meza ya maua, maua na meza vikamfuata chini. Mzee akanyakua maikrofoni.

"Nyamazeni, washamba nyie! Sina wa kumshukuru humu ndani. Mlinizomea ujanani, mnanizomea uzeeni, hata adabu hamjajifunza!"

Wakamzomea kwa furaha isiyo na kifani. Naye akashukia nyuma ya pazia, ngao ya tuzo yake ameiacha pale pale jukwaani.

Darla alikimbilia jukwaani, akaikwapua ile ngao, kisha akamwinamia Cotton, aliyelala kafumba macho, ua limemganda shingoni.

"Mzee Rainey! Umeumia?"

Midomo ilisogea kidogo sana. "Usiniinamie hivyo, binti, watu wanatazama. Delmer kashuka salama? Ngazi za nyuma zinateleza."

Darla akainuka. Kisha akaenda kumtafuta baba yake, akamkuta kwenye ujia wa jikoni, ameketi juu ya kreti la soda, anapuliza kiganja chake.

"Anauliza kama umeshuka salama."

"Kasema hivyo?"

"Kasema. Baba, mimi sielewi. Yule ni rafiki yako au adui yako?"

"Sijui, mwanangu. Sijawahi kuongea naye."

"Miaka yote hiyo?"

"Enzi zetu mwovu na mwema hawakupanda gari moja, wala hawakula mkahawa mmoja. Mashabiki wakikuoneni pamoja, kazi imekwisha. Sasa hospitali angekujaje?"

"Kwa hiyo alitaka kuja?"

"Nitajuaje?" Mzee alikitazama kiganja chake. "Nilimngoja."

Darla alichuchumaa mbele yake. Machozi yalimlengalenga, na hakujua ni ya nini hasa. "Mimi ndiye niliyemwalika. Nisamehe."

"Ningemwita mwenyewe. Ila kwa mdomo gani?"

Akaichukua ile ngao, akalisoma jina lake, akaiweka mapajani.

"Nenda kamtazame lile shavu. Nimezeeka, siwezi tena kupima nguvu za mkono wangu. Ila usiseme nimekutuma."

"Akiuliza nani kanituma?"

Mzee alitega sikio. Kule ukumbini walikuwa bado wanaliimba jina lake, nusu matusi, nusu sifa. Akasogea pembeni kidogo, nusu ya kreti ikabaki wazi.

"Mwambie huku jikoni hakuna anayetazama."