Hesabu Iliyorudi Sifuri

Asubuhi ile mtunza rekodi wa kituo cha redio alimpigia dada yake simu. Alikuwa amefungua rekodi ya marehemu baba yao akisoma taarifa ya habari, akakutana na mtangazaji wa mpira.

"Dada, sijafuta kitu," alisema. "Naapa."

Dada mtu alimwamini, na hapo ndipo alipoanza kujishuku mwenyewe. Diski kubwa ilikuwa imefungwa redioni juzijuzi, na kiendeshi chake, ile sehemu ya mfumo inayoiambia diski iandike wapi, alikitunza yeye dada, mwandishi wa programu. Akamwambia azime mashine. Mdogo wake akasema bosi hataki hata kusikia, vipindi viko hewani.

"Basi mwambie kila kinachorekodiwa sasa kinakula cha zamani."

Mashine ikazimwa.

Dada alipitia msimbo wa kiendeshi, yale maagizo yaliyoandikwa ndani yake, mezani kwake kazini. Chai ikapoa. Akainuka, akazunguka kiti, akakaa tena. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kuzidisha: namba ya kipande cha diski mara ukubwa wake, ili kupata mahali pa kuandika. Jibu lilitengewa biti thelathini na mbili tu, yaani nafasi ya tarakimu thelathini na mbili za kompyuta. Diski ikijaa kupita hapo, hesabu inafurika, inarudi sifuri, na sauti mpya zinaandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya zile za kale.

Akatanua nafasi ya jibu, akajaribu kwenye diski ya majaribio. Wapi! Mambo yaleyale. Mwenzake wa dawati la pili, waliyemwita Polepole, akasogea, akasoma, akauliza kuzidisha kwenyewe kunafanyikia wapi. Dada akaurudia mstari ule. Alikuwa amepanua pa kuwekea jibu, ilhali jibu lilikuwa linakatwa kabla halijafika. Akatanua namba zenyewe kwanza, ndipo akazidisha. Jaribio likapita. Hakuliamini, akalirudia, likapita tena.

Jioni mashine ya redio iliwashwa na kiendeshi kipya. Hakuna kilichopotea zaidi, ila rekodi ya baba haikurudi yote. Mdogo wake alimwambia kuwa umesalia mwisho tu, mzee akiwaaga wasikilizaji. Amchezee asikie?

"Subiri kidogo, mdogo wangu."

Akaweka simu mezani bila kuikata, akaanza kupekua kiendeshi mstari kwa mstari, kila mahali panapozidishwa namba, akitafuta kosa lingine kama lile. Palikuwa pengi. Upande wa pili mdogo wake naye hakukata. Dada alimsikia akipumua, akimngoja.