Jina la Diski D

Nilipokuwa edani, mwaka wa tisini na sita, alasiri za nyumbani kwetu Junda hazikuwa na mwisho. Pazia la ukumbini lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena, nami nilikaa mbele ya kompyuta ya marehemu mume wangu Faki, nikisinzia na kuamka bila kujua lipi ni lipi. Mara nyingine nilimsikia akigongagonga vibonye. Nikifumbua macho, ni mimi mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuwapigia walimu chapa mitihani yao, na kompyuta hiyo ilikuwa imegoma. Faki aliitia Windows mpya kabla hajafa, akaiacha diski imegawanywa sehemu mbili, C na D. C ilikuwa imejaa pomoni. D nilidhani imebeba mambo ya mfumo wa zamani, takataka za kutupwa. Kama nisingefanya kazi, kaka yangu angekuja kunichukua nikaishi kwake Likoni, nikapangiwe hata saa ya kuoga. Wallahi sikutaka hata kuisikia habari hiyo.

Basi akaitwa fundi Kioko wa Changamwe, rafiki yake Faki. Lakini mwanamke wa eda haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Kioko akaketishwa upande wa pili wa pazia na kikombe chake cha kahawa, nami upande huu na flopi zake, na wifi yangu Mwanatatu akajiweka mlangoni kama askari. Kioko alitaja la kuandika, nikaandika. Nilimsomea yaliyotokea, naye akaniambia maana yake. Mwanatatu hakujua kompyuta, lakini alijua kukohoa kila Kioko alipocheka.

Kioko alisema tuifute D kwanza, kisha C, ndipo diski yote iwe moja. Kazi zangu tulikwisha kuziweka kwenye flopi. Ila kabla ya kufuta alitaka nitazame ndani ya D mna nini.

Nikatazama. Hamkuwa na hata faili moja. Palikuwa na jina tu, ambalo Faki aliipa sehemu ile: DHAHABU.

Nikalisoma tena. Mtoto wetu wa pekee alikufa kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina. Sisi wawili tulikuwa tumeshalichagua jina hilo, lakini halikutangazwa, na baada ya maziko hakuna aliyeuliza. Miaka yote hatukulitamka tena, hata sisi kwa sisi. Nilidhani Faki amelisahau, na kwa hilo nilimchukia kidogo, kimyakimya. Kumbe alimwekea mwanawe chumba.

Nilikiona chumba chenyewe: kimefagiliwa, dirisha li wazi, kitandani hakuna aliyelala. Sijui nilikaa humo muda gani. Nilimpenda Faki wakati ule kuliko siku zote alizokuwa hai, na nilimkasirikia kwa kutoniambia.

Kioko akauliza kuna nini. Nikamjibu hamna kitu. Akasema basi tufute.

Nikafuata maelekezo yake mpaka mashine ikataka jina la sehemu inayofutwa. Ndivyo ilivyo, Kioko akaeleza, usipoliandika, haifuti.

"Andika jina lake, shemeji, kisha bonyeza Y."

Nikaandika. Kidole kikasimama juu ya Y. Faki hayupo. Likifutika hapa, jina la mwanangu litabaki kichwani mwangu tu, na nikifa mimi, basi. Bora niende Likoni, nikawaza.

"Jina gani hilo linalokutoa machozi?" akauliza Mwanatatu. Sikuwa nimejua kwamba nalia.

"Dhahabu," nikasema. "Ndiye mwanetu, wifi. Dhahabu binti Faki."

Mwanatatu akaja taratibu, akakaa sakafuni, akalaza kichwa pajani pangu, yeye aliye mkubwa wangu.

"Mimi ndiye niliyemwosha kabla ya kuzikwa," akasema. "Nilikuwa namsemesha, lakini sikujua nimwite nani."

Akalitaja jina mara moja, polepole, kama anayemwamsha mtu. Upande wa pili wa pazia Kioko akakiweka chini kikombe chake. Nikabonyeza Y.