Jibu la Swali la Ng'ombe

Mjukuu wangu Fausta hakuwa na viatu vizima, begi, taa ya kusomea, wala mama. Alama tu hakukosa.

"Shikamoo babu. Hesabu nimepata zote tena!"

"Marahaba. Wagawie ndugu wanne ng'ombe ishirini."

"Sita."

"Sita?"

"Swali la ng'ombe jibu lake sita, babu. Mwalimu Herman hutupa lile lile kila wiki."

Nikabadilisha idadi. Sita. Nikamwekea punje za mahindi azihesabu. Akalia, akasema namwonea. Mtihani wa darasa la nne ni mwezi ujao, nao hautauliza swali lile.

Nikaandika: "Mwalimu, nakusihi, mpe Fausta maswali yatakayomshinda angali mikononi mwetu." Nikagandisha bahasha kwa uji mzito, nikampa kijana wa bodaboda aendaye Bashay, anakokaa mwalimu.